Siku Nilipopaka Rangi Sanduku la Mionzi

Kuna watu wakiaibika wanahama mji. Mimi sikuhama kwa sababu moja tu, sina pa kwenda, kwa hiyo mpaka leo nikipita getini kwa kiwanda kuna mama mmoja mchuma chai ambaye huzungusha kidole hewani, halafu wenzake wanacheka mpaka matenga yanawateleza mgongoni. Nimeona bora niieleze mwenyewe, muisikie kwangu kabla hamjaisikia kwake, maana yule mama huongeza chumvi (ingawa nikisema ukweli, haihitaji chumvi yoyote).

Mimi ni msaidizi wa ugavi katika kiwanda kidogo cha chai huku milimani, juu ya Soni. Ugavi sikuusomea. Nilijifundisha kwa simu, kila mwongozo wa manunuzi niliouona mtandaoni niliusoma mpaka maandishi madogo ya chini, na mtu aliyejifundisha mwenyewe ana ugonjwa wake: anahisi siku yoyote atatokea mtu aliyesoma kweli amuumbue. Kwa hiyo nakagua kila kitu mara tatu. Barua pepe ya mistari miwili hunichukua nusu siku.

Sasa, kiwandani kulikuwa na vitambua moshi vya zamani, vile vya duara vinavyofungwa darini, ambavyo viling'olewa jengo lilipokarabatiwa. Ndani ya kila kimoja kuna chembe ndogo sana yenye mionzi. Kikiwa kizima hakimdhuru mtu, lakini hukitupi jalalani wala hukichomi moto. Kisheria hizo ni taka za mionzi, hata kama ni hafifu, na lazima mkandarasi mwenye kibali azichukue akazishughulikie mahali panapostahili. Vyetu vilikaa miaka mingi ndani ya sanduku la chuma, stoo ya nyuma, kufuli mbili. Mkaguzi wa serikali alipokuja akasema imetosha, taka ziondoke kabla ya siku ya kuhuisha kibali cha kiwanda, la sivyo kibali hakitoki. Na kiwanda kikifungwa, wakulima wa vilima vyote hivi wapeleke wapi majani yao?

Meneja wetu, Mama Lyimo, akanikabidhi jambo hilo mimi. "Shafii, nitafutie mkandarasi. Hili likiisha, barua yako ya ajira ya kudumu naisaini siku hiyohiyo."

Nikatangaza zabuni. Kimya. (Mzigo ni sanduku moja, barabara ni kona tupu, nani atatoka Dar kuufuata?) Nikatangaza tena, safari hii nikaweka juu ya tangazo alama kubwa ya mionzi, ile ya njano yenye mapanga matatu meusi, nikalibandika mpaka kwenye ubao wa kijiji, eti uwazi. Wakaja waombaji wawili: mmoja ana punda, mwingine anazibua vyoo. Nikawaandikia wote barua rasmi za shukrani. Tangazo la tatu ndipo akajibu mmoja mwenye kibali cha kweli, Mhandisi Neema, akasema atakuja Ijumaa kuuona mzigo na jinsi tunavyouhifadhi. Akiridhika atasaini, asiporidhika hatarudi. Mkandarasi mmoja. Wa pili hakuna.

Alhamisi mchana nikaingia stoo kuhakikisha. Sanduku lilikuwa limejaa kutu, alama yake imefifia, hata kibao kidogo cha chuma ubavuni kimekuwa cheusi. Moyo ukaniambia, Shafii, mtu atoke Dar aje aangalie kutu? Hapo ndipo nilipopotea, kwa sababu sikumuuliza mtu yeyote. Nikavitoa vitambua moshi vikiwa kwenye mifuko yake, nikavihesabu mara tatu, nikavipanga rafuni, nikafunga stoo, nikalitoa nje sanduku tupu nikalipiga msasa, nikalipaka rangi ya mafuta ya njano kila upande. Juu ya kifuniko nikachora alama upya. Alama ile ina vipimo vyake, duara la katikati na mapanga lazima viwiane, basi nikachora kwa bikari na rula, sikuipenda, nikapaka njano juu yake, nikachora tena, sikuipenda. Ya tatu niliipenda. Nikaipaka nyeusi nene kama siagi ili ionekane kutoka mbali.

Jambo moja tu mwongozo haukuliandika: rangi ya mafuta, mwezi wa Julai, Usambara, haikauki.

Ijumaa asubuhi nikagusa, ikanata. Ukungu umelala kwenye michai kama blanketi, na Mhandisi amepiga simu kwamba ameshafika Mombo, ana shughuli kidogo pale, atapanda baada ya swala. Nikalitoa sanduku uani kutafuta jua. Jua la Julai huku kwetu ni mgeni mwenye haraka, haliketi. Likitokea penye kuni nalibeba sanduku mpaka penye kuni, likihamia ukutani nami nahamia ukutani, asubuhi nzima nazunguka uani kama paka mwenye baridi. Mwisho likatulia mbele ya banda la mizani, pale wakulima wanapopimiwa majani. Nikaliweka hapo nikaandika onyo. Mtu mwingine angeandika "Rangi mbichi" akaenda zake. Mimi nikaandika kichwa cha habari, utangulizi na vipengele vinne, kwa herufi ndogo ili vienee kwenye karatasi moja, nikabandika ubavuni, nikaenda kujiandaa kwa swala.

Mpima majani wetu ni Mzee Shebughe. Amesimama kwenye mizani ile tangu mimi sijazaliwa, hapandishi sauti, hapunji mtu, na hata Mama Lyimo hasemi neno mbele yake kabla ya shikamoo. Miwani yake huiacha juu ya daftari la mizani. Siku hiyo alikuwa na kanzu nyeupe ya Ijumaa, akatafuta mahali pa kukaa afunge kamba za viatu, akaona kiti kizuri cha njano kimewekwa juani.

Hayo niliyajua baadaye. Nilichokijua kwanza ni kwamba niko msikitini, hotuba imekwisha, tumesimama kunyoosha safu, na mbele yangu yuko Mzee Shebughe, na pale anapokalia pamechapwa alama ya mionzi. Nzima. Duara, mapanga matatu, kila kitu. Na Mungu anisamehe, wazo la kwanza kunijia ni kwamba uwiano umetoka sawasawa.

Imamu alisoma sura gani sikumbuki. Kila tukirukuu, alama inanijia usoni. Nikawa naomba dua moja tu, swala isiishe.

Ikaisha. Mzee akatoka na mimi nikatoka nyuma yake, nimemkaribia kiasi kwamba nilikuwa namkanyaga visigino.

"Shafii, mwanangu, mbona umeniganda kama kupe?"

"Hamna, Mzee, nakusindikiza."

"Unanisindikiza kwa nyuma?"

Tukaenda hivyo mpaka getini kwa kiwanda, ambako wakulima walikuwa wanasubiri mizani na magunia yao. Mzee akageuka kumsalimia mtu, mimi nikachelewa kugeuka naye. Ndipo yule mama niliyewaambia akapiga kelele, "Jamani! Mzee Shebughe amefungwa feni!"

Kikapasuka kicheko ambacho nadhani kilisikika Lushoto mjini. Nami (mjinga) nikafurahi, nikasema afadhali ni kicheko. Halafu mwanamume mmoja akasogea akainama akatazama vizuri. "Feni wapi. Hii ndiyo ile ya ubaoni kwa kijiji. Ile ya taka za sumu."

Kicheko kikakatika. Mzee akaanza kujizungusha akijaribu kuuona mgongo wake mwenyewe. Akaniuliza mimi, kwa utulivu, "Shafii, nina nini?"

Nilichotakiwa kusema ni maneno mawili: ni rangi. Lakini mimi nilikuwa nimejiandaa wiki nzima kujibu maswali ya Mhandisi, yakatoka hayo. "Mzee, kwanza ieleweke kwamba mionzi itokanayo na taka za daraja la chini, kwa kuzingatia muda ambao mtu amekaa karibu nazo..."

Hakuna aliyesubiri nimalize. Watu walirudi nyuma kama wameona chatu, magunia yakaachwa chini, mtu akasema hapa hatuleti tena majani, mwingine akasema na yaliyoletwa jana je, tumeshayanywa. Na kijana mmoja, ambaye dakika kumi zilizopita alimpa Mzee mkono wa swala, nilimwona akiufuta mkono huo kwenye nyasi. Mzee naye alimwona. Alisimama peke yake katikati ya uwanja ule mpana, mikono imelala ubavuni, na mimi nikatamani ardhi ya Usambara, ambayo hupenda kuporomoka wakati wa mvua bila kuombwa, iporomoke siku ile.

Badala yake likaingia gari la Mhandisi Neema.

Akashuka, mwanamke mfupi mwenye buti, akatazama watu waliojibanza ukutani, akamtazama Mzee, akazunguka nyuma yake. "Shikamoo baba."

"Marahaba, mwanangu. Usinisogelee, wanasema nina sumu."

"Nani mwenye mzigo hapa?"

Nikanyoosha kidole juu kama mwanafunzi.

"Naona umeanza kuugawa kabla sijafika," akasema. Mama Lyimo, aliyekuwa ametoka ofisini kusikia kelele, akafumba macho.

Safari hii nilisema yote kwa ufupi, kwa mara ya kwanza maishani mwangu: sanduku lilikuwa tupu, nililipaka rangi, haikukauka, Mzee alilikalia. Mhandisi akaenda kwenye gari, akaja na kipimo chake cha mionzi, akakiwasha. Kikalia, tik. Watu wote wakaruka.

"Tulieni," akasema. "Hiki hulia popote. Mionzi kidogo iko hata kwenye udongo mnaoulima." Akakipeleka kwenye jiwe la ukuta, tik, tik, tik. Akakipeleka kwenye gunia la majani, tik moja ya uvivu. Kisha akamgeukia Mzee. "Baba, unaniruhusu?"

Mzee Shebughe akageuka, akawapa mgongo wakulima aliowapimia majani miaka yote ile, akasimama wima apimwe mbele yao. Sijui kama mimi ningeweza. Kipimo kikapita juu ya ile alama yangu nzuri. Tik. Kimya. Tik.

"Ukuta unamshinda," akasema Mhandisi. "Mzee huyu ana rangi tu."

Yule kijana wa nyasi akawa wa kwanza kuja kumpa mkono tena. Mzee akauacha mkono ule hewani, akasema, "Leta gunia lako, majani yanachemka humo, yataharibika." Mizani ikaanza kazi.

Lakini mambo yangu hayakuwa yamekwisha. Stooni Mhandisi alivikuta vitambua moshi rafuni, safi, vimepangwa kwa ukubwa. Akauliza nani amevitoa. Nikasema mimi. Kibali? Sina. Akauliza kiko wapi kibao cha sanduku, kile chenye maelezo ya kilichomo. Nikamwonyesha. Nilikuwa nimekipaka rangi tabaka mbili, hakisomeki hata herufi moja.

Mama Lyimo akasema kwa sauti ya chini, "Basi. Tumekwisha." Mimi nikakaa chini palepale sakafuni, nikaona kibali cha kiwanda na barua yangu vinapita mlangoni vikiondoka pamoja.

Mhandisi akakikwangua kibao kwa kisu chake, polepole, muda mrefu, mpaka maandishi yakaanza kuonekana nusunusu, akayalinganisha na vilivyokuwa rafuni, akaandika kurasa nyingi. Halafu akasema, "Mzigo naukubali. Wiki ijayo gari linakuja."

Mama Lyimo akamshika mkono. "Kumbe umeridhika na maandalizi yetu?"

"Sijaridhika hata kidogo," akajibu, akanionyesha kwa kalamu. "Ila nikimwacha huyu nao wiki mbili, ataupiga lipu."

Jioni nikampelekea Mzee Shebughe barua ya kuomba radhi, kurasa tatu. Akaipima mkononi kama anavyopima majani, hakuifungua, akanirudishia. Akaniambia kwa Kishambaa maneno ambayo nikiwatafsiria nyinyi nitapoteza heshima iliyobaki, kisha kwa Kiswahili, "Kuandika unajua. Sema."

"Nisamehe, Mzee."

"Umeona? Umemaliza, hata mate hayajakukauka."

Kanzu niliifua kwa tina, ile dawa ya kuondolea rangi, nikamnunulia na mpya. Kibali cha kiwanda kilitoka. Ajira nilipata, pamoja na barua ya onyo, siku moja, bahasha moja. Na nimeapa hivi: mgeni akija kuangalia uchafu wangu, ataukuta ulivyo.