Niligusa Injini ya Mulot Ikiwa na Joto, Nikanyamaza

Mimi ndiye nilisema iko sawa. Wacha nianze na hiyo, kwa sababu kila mtu hapa kwetu anasema baba alidanganywa na mzee wa Mulot, na hiyo ni nusu tu. Nusu ingine ni mimi.

Niko Form Three. Mimi si msichana wa kuongea. Mwalimu akiniuliza swali, jibu nalijua lakini linakwama kwa koo mpaka mwingine analisema. Kuandika ndiyo naweza. Nina daftari naandika karibu kila siku, lakini hii maneno haijawahi kuingia humo. Naiandika hapa kwa watu hawanijui.

Tunakaa upande wa Boito. Tuna majani chai kidogo, na mama alikuwa anauza maziwa. Shida yetu ilikuwa kusaga. Posho mill iko mbali, unabeba debe ya mahindi mgongoni na mvua inakupata njiani. Baba akaamua ataweka mill yetu hapo kwa barabara. Kinu alipata kwa jirani aliyehama. Stima yetu ni ile ya taa tu, haiwezi kuzungusha kinu, kwa hivyo ilibaki kutafuta injini ya dizeli, na injini mpya hatungeweza. Mama akakubali ng'ombe wetu mwekundu auzwe, yule wa maziwa mengi. Siku ya kuchukuliwa alimkamua, akaosha ndoo, akaingia ndani.

Mjomba wangu, ndugu ya mama, ni fundi wa injini. Nimemaliza likizo nyingi kwa gereji yake nikimpatia spana, kwa sababu huko hakuna mtu ananiuliza maswali. Siku ya kwenda Mulot, kwa mzee mmoja alikuwa anauza injini, mjomba alikuwa ameitwa kazi mahali pengine. Akamwambia baba, "Shemeji, enda na huyu. Anasikia injini kuliko wale vijana wangu."

Halafu akaniita kando. "Kabla mtu ashike hendeli ya kuiwasha, weka mkono kwa injini. Injini mzee huonyesha ugonjwa ikiwa baridi. Ukipata iko na joto, jua ameiamsha kabla mfike. Kaeni hapo mpaka ipoe, hata kama ni mpaka jioni. Na ufungue kifuniko ya oil. Ukiona rangi ya chai ya maziwa, maji imeingia. Rudini nyumbani."

Hakuna kitu ngumu hapo. Nilikuwa nimekariri yote tukiwa kwa gari.

Mzee wa Mulot alitupokea vizuri sana. "Chamgei, chamgei. Karibuni watu wa majani." Hakutupeleka kwa mashine. Alituketisha kwa nyumba, akaomba. Aliombea safari yetu, akaombea hiyo mill na watoto wote watakula unga yake. Bibi yake akaleta mursik, ile maziwa yetu ya kuganda. Baba alikunywa vikombe viwili, mimi kimoja.

Kama wewe si wa huku labda hutaelewa. Mtu akikutolea mursik kwa sotet yake, kile kibuyu cha nyumba, mkanywa pamoja na mkaomba, unaanzaje kumwangalia kama mwizi? Hivyo ndivyo nilifikiria. Niliona ni kama hicho kikombe kimenifunga mdomo.

Injini ilikuwa kwa banda, imepakwa rangi ya kijani mpya. Vijana watatu walikuwa wamekaa juu ya magunia. Niliweka mkono.

Ilikuwa na joto. Si ya kuchoma. Ni ile ya sufuria imetolewa kwa moto kitambo kidogo.

Mkono ukabaki hapo. Kijana mmoja akasema, "Heh, huyu ndiye fundi wenu? Anaipapasa kama ndama."

"Wachana na yeye," mzee akasema, "labda anaiombea mara ya pili."

Wakacheka wote. Hata baba alitabasamu kidogo, ile ya heshima. Nikatoa mkono. Kifuniko ya oil sikufungua. Ingebidi niiname na sketi mbele ya hao vijana, niombe kitambaa, nianze kuchunguza mashine ya mtu ambaye maziwa yake iko kwa tumbo yangu.

Mzee alizungusha hendeli mara moja tu, injini ikashika. Moshi ukatoka mweupe, na bluu kidogo, ukaenda juu ya mabati. Baba akanigeukia.

"Unaonaje?"

Wote walikuwa wananiangalia.

"Iko sawa," nikasema. Sijawahi kujibu swali haraka hivyo.

Asubuhi ya kwanza huku Boito, na ile baridi yetu, injini ilikataa. Baba alizungusha mpaka akatoa sweta. Ilishika karibu saa nne, ikikohoa. Mjomba akaja siku hiyo, akafungua kifuniko, akaingiza kidole. Kilitoka na rangi ya chai ya maziwa.

"Wewe, uliangalia hapa?" akaniuliza.

"Niliangalia. Haikuwa hivi."

Huo ndio uongo mbaya zaidi. Kwa sababu mjomba aliniamini. Akamwambia baba, "Basi imeharibikia njiani kwa kurukaruka kwa gari. Hatuwezi kurudishia mzee wa watu kitu imeharibikia kwetu." Walikuwa tayari kurudi Mulot na wazee wa kanisa. Wakaacha. Mjomba akabadilisha gasket, ile inazuia maji isiingie kwa oil, na bado kila asubuhi ilikuwa ni vita. Alisema ndani imeisha, haina nguvu ya kujiwasha.

Wiki ya tatu, wanawake walikuwa wamepanga madebe yao wanangoja. Baba alikuwa amezungusha mara nyingi, amechoka. Hendeli ikarudi nyuma kwa nguvu, ikampiga kwa kiwiko cha mkono wa kulia. Sauti niliisikia nikiwa mlangoni.

Sikulia. Watu walikimbia kwake, debe moja ikaanguka. Mimi niliinama nikaanza kuokota mahindi ya mwenye debe, nikarudisha kwa debe, punje moja moja. Nilimaliza baba akiwa ashapelekwa hospitali.

Plasta ilitolewa lakini vidole havifungi. Majani chai haichumwi na mkono mmoja. Sasa mama anachuma peke yake, mimi namsaidia Jumamosi. Maziwa tunanunua. Injini iko hapo kwa banda, imefunikwa na gunia. Nikipita sisikii kitu. Watu wanafikiri nimekuwa mgumu.

Jumapili moja nilikuwa namfunga baba vifungo vya shati aende kanisa. Nikasema bila kumwangalia, "Baba, ile injini ilikuwa na joto kabla iwashwe. Nilijua. Na oil sikuangalia."

Nilimaliza vifungo vyote, mpaka cha juu.

"Nilikuona ukiigusa," akasema. "Nilikuwa nakungoja wewe. Nilikuwa nimeamua, huyu mtoto akitikisa kichwa tu, tunarudi nyumbani."

"Na mursik?"

"Mursik ni maziwa. Mtu anakunywa maziwa ya mtu na anakataa mashine yake. Mimi nimekataa ng'ombe wangapi nikiwa nimeshiba kwa nyumba ya mwenye kuuza?" Akachukua kofia na mkono wa kushoto. "Hata kuongea haikuwa lazima. Ni kichwa tu."

Akaenda kanisa. Hajawahi kuitaja tena, na hajaniambia amenisamehe. Sijui kama nimemwomba.

Kwa hivyo wewe unasoma hii, kama unaenda kununua injini mzee, ipate ikiwa baridi. Ukikuta imewashwa, kaa chini ungoje, na usione haya kukaa. Fungua kila kifuniko hata kama wanakucheka. Na kama ulinyamaza mara ya kwanza, tafadhali sema mara ya pili ukiulizwa, kwa sababu bado kuna wakati wa kurudisha kitu.

Wale vijana wa Mulot walinicheka kama dakika moja. Leo wakipita hapa siwezi kuwatambua. Mkono wa baba naufungia vifungo kila Jumapili.