Fimbo ya Colman Tuohy

"Assumpta, hebu niambie, Colman Tuohy amekufa kweli au ni kule kwenye televisheni tu?"

Aliyeniuliza hivyo ni jirani yangu Concepta Hartigan, Jumapili moja tukitoka misa. Nikamwambia yu hai, yuko nyumba ya wazee kule kilimani, na asubuhi ile alikuwa amekula yai. Concepta akashika kifua. Akasema jana yake alimwona akizama kinamasini, akamwombea Salamu Maria, akafika hadi "saa ya kufa kwetu" ndipo akakumbuka kwamba ni filamu.

Sikumcheka. Hapa Clonmel, mji wetu mdogo wa Ireland, karibu kila mtu amewahi kumlilia Colman Tuohy, kisha kesho yake akakutana naye kwa muuza nyama.

Mimi ni fundi cherehani. Tangu nilipoolewa nimekuwa nikishona nguo za waigizaji na kuwavalisha, katika ukumbi wetu mdogo ulio nyuma ya soko la zamani. Mtu unayempima kiuno huku una pini mdomoni hukueleza mambo yake mengi, maana anajua huwezi kumjibu. Ndivyo nilivyoyajua ya Colman.

Wazazi wake walikuwa na kundi la maigizo la kuzunguka. Walikwenda kijiji hadi kijiji, wakitundika mapazia katika kumbi za parokia, wakilala ndani ya gari pamoja na makapu ya nguo. Mama yake alimzaa wakati wa baridi, huko Roscommon, na kabla hajatimiza mwezi akabebwa jukwaani ndani ya shali, awe mtoto aliyekufa katika mchezo wao wa kuliza watu. Walihofu atalia. Hakulia. Alitulia macho wazi, hapepesi, mpaka mwanamke mmoja wa safu ya mbele akazimia.

"Mama alifurahi wiki nzima," Colman aliniambia. "Lakini bibi yangu alisema, mtoto anayejua kunyamaza namna hii, kuna aliyemfundisha."

Alipokuwa kijana alikwenda Dublin, akawa mtu wa sehemu ndogondogo: padri anayepita, polisi wa mlangoni. Kisha filamu zikaanza kupigwa kule milima ya Wicklow, na wakubwa wa filamu wakauona uso wake, mrefu, mweupe, wenye mashavu yaliyobonyea. Kila aliyeuona aliwaza kaburi. Basi akapigwa risasi, akanyongwa, akafa njaa kando ya ukuta wa mawe, akaangushwa na farasi. Simu ya kazi ikilia nyumbani, mkewe Philomena alikuwa akiuliza, "Safari hii unakufa kabla ya chai au baada?"

Philomena mwenyewe alikufa ghafla, jikoni kwake, siku ambayo mumewe alikuwa amelala ndani ya jeneza mbele ya kamera. Walimpasha habari akiwa bado na poda ya maiti usoni. Colman aliniambia aliketi ndani ya lile jeneza asiweze kulia, kwa sababu uso wake haukujua kama msiba huu ni wa kazi au wa kweli. Mimi niliposikia hilo pini zilinitoka mdomoni.

Alirudi Clonmel mjane, nywele zimekwisha. Watu walimpokea kwa mzaha, kama kawaida yetu. Muuza nyama alikuwa akimwita kutoka upande wa pili wa barabara, "We Colman, umefufuka tena? Nikukatie mbavu, au huna tumbo siku hizi?" Naye alikuwa akijibu kwamba akatiwe nyembamba, jeneza lisije likambana.

Ndipo mwongozaji wetu mpya, Rónán Lacy, kijana kutoka Dublin, akampa sehemu kuu katika mchezo ulioandikwa na mtu wa huku huku. Ulikuwa mchezo wa mzee mmoja na binti yake, katika bonde litakalofunikwa na maji ya bwawa. Majirani wote wamehama. Mwishoni mzee anasimama mlangoni na fimbo yake, anawataja majirani mmoja mmoja kwa jina na nyumba zao, halafu anamgeukia binti na kusema: "Washa moto, binti yangu. Mimi bado nipo." Pazia linafungwa.

Colman aliniletea ukurasa ule penye cherehani yangu, akaniwekea kidole juu ya maneno.

"Soma hapo, Assumpta. Pazia linafungwa na mimi nimesimama. Maisha yangu yote watu wamenipigia makofi nikiwa nimelala. Nataka niyasikie mara moja nikiwa wima."

Nilimshonea koti zuri la sufu kwa ajili ya mchezo ule, na upande wa ndani, penye moyo, nikabana medali ya Bikira Maria.

Sasa, sisi watu wa jukwaa tuna mwiko wetu. Maneno ya mwisho ya mchezo hayasemwi katika mazoezi. Mchezo haujakamilika mpaka watazamaji waje, na anayeukamilisha mbele ya viti vitupu anaita balaa, hata paa laweza kuwaangukia. Padri wangu ameniambia zaidi ya mara moja kwamba huo ni ushirikina, nami naamini ananiambia kweli, lakini sijawahi kumsikia mtu akiyasema, wala sijataka kuwa wa kwanza. Rónán alipojaribu kulazimisha, waigizaji wote walikaa chini kama mbuzi. Dervla, aliyeigiza binti, akamwambia, "Mpenzi, kaigize hivyo Dublin, huko paa lenu ni jipya." Rónán akacheka, akaacha.

Basi ikawa kwamba Colman akifika pale mwisho hatamki. Anagonga fimbo sakafuni mara moja, sote tunajua maneno yamepita, tunapiga makofi, tunakwenda kunywa chai.

Wiki za mwanzo fimbo iligonga mahali pake. Nilikuwa nikikaa pembeni na kazi yangu ya mkono, na sikio langu likazoea: jina la jirani wa mwisho, kimya, halafu ko! Kisha jioni moja fimbo ikagonga kabla ya jina la jirani wa mwisho. Watu wakapiga makofi. Dervla akasema mzee ameongeza tahadhari, hataki hata kuusogelea ule mwiko. Wakamsifu kwa hilo. Wiki iliyofuata nyumba mbili za bonde zikapotea, kisha tatu. Kila zoezi, fimbo ilikuwa inameza maneno kama maji yanavyopanda ngazi, na sisi tulikuwa tukishangilia.

Mambo mengine nayo yakaja. Alinishika mkono chumba cha kuvalia, mshipi ukining'inia mkononi mwake, akaniuliza taratibu kama huu huvaliwa kabla ya suruali au baada. Siku nyingine aliniita Philomena, akaniomba nisisahau kumwagia paka maziwa. Hana paka.

Alasiri ya siku ya kufungua mchezo nilimfunga vifungo vya lile koti, nikamwambia kwa upole, aniambie mimi tu yale maneno ya mwisho. Mlango umefungwa, Mungu atatusamehe.

"Unataka paa lituangukie siku ya leo?" akanitania.

"Colman, sema tu."

Alinitazama. Mikono yake ikapapasa mbele ya koti kama mtu anayetafuta ufunguo.

"Yalikuwepo," akasema. "Nikiingia mazoezini yapo, ninayaona yamesimama. Nikiyakaribia yanahama." Kisha akanieleza kwamba daktari amekwisha kumpa jina la ugonjwa, na kwamba hata hilo jina limempotea. Nikamsihi amwambie Rónán. Akakataa. Akasema akiambiwa akae chini leo hatasimama tena, na kwamba huenda watu wakija, na viti vikijaa, maneno yatarudi yenyewe, maana watu ndio waliokuwa wakingojwa. Alisema hivyo kwa imani kubwa hata nikaona aibu kwamba yangu ni ndogo. Nikapiga ishara ya msalaba, nikampa fimbo.

Ukumbi ulijaa. Concepta alikuwepo, muuza nyama alikuwepo na wanawe. Mimi nilisimama pembeni mwa pazia, rozari mfukoni. Colman alikuwa mzuri usiku ule kuliko nilivyopata kumwona. Alikwenda mlangoni, akaanza kuwataja majirani. Akataja wa kwanza, na wa pili. Halafu akanyamaza.

Akagonga fimbo.

Hakuna aliyepiga makofi, maana watazamaji hawajui desturi yetu. Akagonga tena. Dervla akamsogelea, akamnong'oneza maneno yake, nami nilimwona Colman akimwangalia kama mtu anayesemeshwa kwa lugha ya ng'ambo. Mtu mmoja akakohoa. Kisha uso wa Colman ukatulia. Nilijua kabla hajafanya. Mikono ilikuwa imesahau mshipi, ulimi umesahau majina, lakini mwili ule ulikuwa umefundishwa jambo moja tangu ndani ya shali, na hilo halikuwa limepotea. Fimbo ikamtoka. Akashuka taratibu ukutani mpaka chini, akalala, macho wazi, hapepesi.

Dervla akapiga magoti, akamshika shingo. Akakaa hivyo muda mrefu kuliko nilivyopenda. Kisha akainuka, akaenda kwenye dirisha la ile nyumba ya mbao, akalifungua, kama sisi sote tunavyofungua mtu akikata roho, ili roho ipate njia ya kutoka. Nikaona safu ya mbele wakipiga ishara ya msalaba. Pazia likafungwa, na makofi yakawa kama mvua ya mawe juu ya bati.

Rónán alikuja mbio akitokwa na machozi ya furaha. Akasema huo ndio mwisho, mwisho mpya, na kila siku uwe vivyo hivyo. Wengine wakamkumbatia Colman, wakimwambia, mzee, hata hapa umeshindwa kuishi? Naye akatabasamu nao. Dervla peke yake hakucheka. Alinivuta pembeni akaniambia, "Assumpta, shingo yake ilikuwa baridi. Sikuwa naigiza nilipofungua dirisha."

Walicheza hivyo mpaka msimu ukaisha. Maneno ya mwisho ya mchezo ule hayajasemwa na mtu yeyote mpaka leo, na wazee wa ukumbi hawapendi hata kuyazungumzia.

Sasa anaishi kule kilimani. Manesi wanampenda. Wanasema akichoka kukaa hulala chali, mikono kifuani, macho wazi, nao humwambia, "Haya Colman, imetosha, amka unywe chai," naye huamka. Wamezoea. Leo asubuhi mmoja wao amenipigia simu, akicheka, kwamba tangu jana jioni mzee anafanya mchezo wake na safari hii amekataa kuamshwa, lakini wanaona bado anapumua, basi wamemwacha aumalize. Nimekwisha kuvaa koti. Nangoja basi la kwenda kule.

Maana usiku ule wa kwanza wa mchezo, wote walipokwisha kwenda baa, nilibaki namfungua kamba za viatu, naye alikuwa ananitazama utosini. Nilidhani ataniita Philomena. Aliniita kwa jina langu, na akasema:

"Assumpta, siku ya kweli ikifika, njoo ukae karibu yangu uniambie kwamba safari hii siigizi."