Ukoko Niliomwaga Chini ya Ngazi

Shule niliishia darasa la pili, lakini jina nikilisikia mara moja halinitoki. Kuku wangu wa Singida nawakumbuka wote kwa majina, hata yule jogoo aliyechukuliwa na mwewe. Siyaandiki hapa, wapumzike.

Nawataja kuku kwa sababu wao ndio walionizoesha. Kwetu ukishapakua ugali, ukoko unaubandua, unaumwaga uani, kuku wanamaliza. Nilipokuja Hyattsville, huku Marekani, kukaa na binti yangu, mkono ukaendelea na kazi yake. Kila jioni nilimwaga ukoko chini ya ngazi za mbao za mlangoni. Asubuhi haupo. Nikasema, kumbe hata huku wapo wanaojua kula.

Aliyekuwa anakula ni kicheche. Wa huku ni mkubwa, mweusi, ana mistari myeupe mgongoni na mkia kama ufagio. Alishachimba shimo chini ya ngazi, mimi sina habari.

Binti yangu anatunza wazee majumbani kwao. Tunapanga sehemu ya nyuma ya nyumba, mlango wetu ni huo mmoja. Alfajiri moja alitoka na sare yake kuwahi basi, mara nikasikia, "Mama weee!" Kicheche kamrushia maji yake ya uvundo. Akarudi macho yanachuruzika, ananuka kama mpira unaoungua. Akaoga, akabadilisha nguo, akaenda. Saa nne akarudi.

"Bibi ninayemhudumia ametapika," alisema. "Msimamizi anasema nikienda tena hivi, nafasi yangu anapewa mwingine." Akaketi. "Hivi huyu mnyama kafuata nini hapa?"

Nikamsogezea chai. "Kafuata ugali wangu."

"Mama! Unamfuga?"

"Nilidhani ni ndege."

"Ndege gani anamaliza ukoko wa sufuria nzima?"

"Wa Marekani."

Akacheka huku analia.

Nilitaka kuziba shimo siku ileile. Jirani yetu Mkongo, fundi wa mbao, akanizuia. "Maman, usifunge. Yuko na watoto. Watakufa ndani, na mama yao atavunja ngazi yote." Akanifundisha kunyunyiza unga mbele ya shimo, nisome nyayo. Unga sikukosa.

Basi ukoko nikaacha kuumwaga, na kila alfajiri nikawa natangulia mimi na tochi, binti yangu nyuma yangu. Nagonga mbao taratibu kwa mkongojo. "Mama mwenzangu, hodi. Mwanangu anapita kazini." Siku mbili alitoka akapiga miguu ya mbele chini, pa pa pa. Hilo ni onyo. Tukarudi ndani tukangoja, na basi likatuacha. Sikumchukia. Chakula nilimpa mwenyewe, na yeye alikuwa na wa kulisha.

Siku moja nikakuta kwenye unga nyayo kubwa na ndogondogo, zote zinatoka. Nikausawazisha. Siku tatu unga ulikaa vilevile. Jirani akaja na wavu wa chuma, akauzika ardhini kuzunguka ngazi.

Kesho yake binti yangu alisimama mlangoni, akanusa bega la sare, akaenda. Nikakaa naangalia mlango. Saa nne ikafika, ikapita, hajarudi. Nikabandua ukoko wa jana, nikautia chumvi, nikaula mwenyewe.