Nyasi za Farasi wa Sista

Kwa nini mtu mkarimu ambanie mnyama chakula wakati kipo tele? Nililala nalo na kuamka nalo swali hilo nikiwa na miaka tisa, pale misheni, nje kidogo ya Kasulu. Mgeni hakuweza kupita kwa Bibi yangu, hata akiwa anauliza njia tu, bila kukalishwa na kuwekewa ugali wa muhogo na maharage mpaka aombe mwenyewe yaishe. Lakini farasi alimlisha kupitia matundu ya wavu.

Mwaka jana nilirudi. Banda limekuwa stoo. Nilisimama mlangoni nikavuta pumzi, nikitegemea ile harufu ya nyasi kavu na jasho la mnyama. Nikapata saruji.

Pengine hujawahi kumwona farasi katika milima yetu, kwa hiyo ngoja nikueleze. Alikuwa mmoja tu, dume la rangi ya majivu, na alikuwa wa Sista muuguzi. Mvua zikiikata barabara ya Kagerankanda, gari la misheni lilikaa, na Sista akapanda farasi kwenda kuzalisha wanawake. Kumtunza ilikuwa kazi ya Bibi, na kwa kazi hiyo tulipewa vyumba viwili nyuma ya banda. Hatukuwa na kwingine. Kule Bibi alikozalia watoto wake kulikuwa kumerudi kuwa pori tangu watu wahamishiwe vijiji vya ujamaa. Nilijua hata kwa akili yangu ya utoto kwamba farasi akiwepo, na sisi tupo.

Nyasi tulizikata mvua zikiisha, kabla hazijakauka shinani. Tulizitandaza juani, tukazigeuza kwa uma, tukazigeuza tena, mpaka zinukie kama majani ya chai. Wavu ulikuwa wa zamani, wa kuvulia migebuka, ulioletwa na mchuuzi wa samaki kutoka ziwani. Bibi aliukunja mara mbili ili matundu yawe madogo, akaushindilia nyasi, akautundika usawa wa kifua cha farasi. Farasi aling'ang'ana na shina moja, mawili, akatafuna, akarudi. Kutwa nzima ulisikia sauti hiyo, kama mtu anayetembea kwenye kokoto mbali na nyumba.

"Mdomo wa farasi hauna likizo," Bibi alisema.

Mimi nilikuwa mtoto wa maswali. Mwalimu wetu aliwahi kunitoa nje kwa kutaka kujua ni nani aliyehesabu nyota. Kwa hiyo nikamuuliza Bibi: na yeye angekubali kula kwa tundu la wavu?

"Mimi nina jiko, nina shamba, nina wewe wa kunisumbua," akasema. "Yeye ana nini? Ana ukuta."

Nilidhani ananikwepa.

Kisha dada yake Bibi akafa, kijiji cha pili. Bibi aliondoka alfajiri kwenda kuzika, akiwa ameacha nyavu mbili zimejaa. "Huu sasa, huu mchana. Usiguse kingine." Ufunguo wa chumba cha nyasi akaufunga kwenye pindo la kanga, akaenda.

Nilizishusha zote mbili. Nikazikung'uta chini mbele ya farasi, rundo zima, nikamwambia, "Karibu, baba," kama Bibi alivyowaambia wageni. Alikula kwa pupa iliyonifurahisha. Nikajiona nimeshinda hoja.

Kabla ya adhuhuri rundo lilikuwa limekwisha, na zilizobaki amezikanyaga na kuzikojolea, hazitaki tena. Nyasi nyingine sikuweza kuzifikia. Farasi akaguguna mlango. Akalamba ukuta. Mchana nikasikia kitu kinapasuka juu, nikakuta ameinua shingo anakula paa, zile nyasi kuukuu za kuezekea, zenye masizi na vumbi la miaka. Nilicheka, Mungu anisamehe. Alikuwa ametoboa tundu unaloweza kupitisha kikapu.

Alasiri aliacha kutafuna. Aligeuza kichwa kulitazama tumbo lake, akapiga ardhi kwa kwato, akalala, akajibiringisha huku jasho likimtoka.

Bibi alirudi akamkuta hivyo. Aliziangalia nyavu tupu, akaliangalia paa, akaniangalia mimi. "Shika kamba. Asilale." Tukamzungusha uwanjani, raundi baada ya raundi, Bibi akiwa bado na kanga ya msibani kichwani. Sista alikuja akatega sikio ubavuni mwa farasi. "Tumbo limenyamaza," akasema, na kumnywesha chupa ya mafuta. Mpishi wa misheni, Mha wa Kibondo asiyejua kukaa kimya, alitoka jikoni na mwiko mkononi.

"Bibi Farasi, mzigo bado?"

"Bado."

"Basi Sista, leo kwenye sala tuombee choo."

Sista hakucheka. Alimwita Bibi jikoni, mpishi akawafuata, nami nikabaki na kamba. Kupitia dirisha niliona kichwa cha Bibi kimeinama. Nilisubiri kuitwa. Sikuitwa. Bibi alitoka akaipokea kamba, tukaendelea kuzunguka.

Jua lilikuwa limeingia nyuma ya mikaratusi farasi aliposimama ghafla na kuinua mkia. Sijasikia tena vigelegele kama vile, hata harusini. Bibi, aliyekuwa ametoka kumzika dada yake, alipiga vigelegele kwa ajili ya mavi, na mpishi akapiga sufuria kwa mwiko.

Asubuhi yake, ukungu bado umelala bondeni, Bibi aliniamsha akanipa nyavu na ufunguo. "Jaza. Kaza mdomo wa wavu vizuri." Akaenda zake kisimani, hata hakusimama kunitazama. Tangu siku hiyo kazi ikawa yangu mpaka nilipokwenda sekondari.

Nilidhani hakujua kwamba ni mimi. Baadaye nikadhani alijua, akasahau. Farasi alizeeka akafa, Sista akarudi kwao, Bibi naye tukamzika, na hakuwahi kulitaja jambo lile. Siku hizi Kasulu ukisema farasi, watoto wanakuonyesha picha kitabuni.

Mpishi yungali hai. Mwaka jana alinikaribisha chai, nami nikamuuliza walisema nini mle jikoni. Alishangaa kwamba sijui. Bibi alisema ni yeye aliyezikung'uta nyavu kabla ya kuondoka, kwamba msiba ulimchanganya. Sista akamjibu kuwa likitokea tena, mara moja tu, nyumba apewe mwingine.

Hayo yalisemwa jioni ile. Nyavu alinipa kesho yake asubuhi.