Terere Si Magugu

Mjukuu wangu alikuwa na miaka tisa daktari alipomwambia mama yake kwamba sukari kwenye damu ya mtoto imeanza kupanda. Alisema bado haijawa ugonjwa, ila iko karibu. Wangempima tena shule zikifunguliwa, na kama sukari haijashuka, mtoto angeanzishiwa dawa.

Binti yangu alinieleza haya tukiwa jikoni kwake Silver Spring, huku Amerika, akiwa bado amevaa sare yake ya kazi ya kuwatunza wazee. Marehemu mume wangu alikatwa mguu kwa sababu ya sukari, halafu wa pili, na mimi ndiye niliyekuwa nikimgeuza kitandani. Yeye ugonjwa ulimshika akiwa mzee. Huyu wetu bado alikuwa anang'oka meno ya utoto.

Miwani yangu naipoteza kila siku, lakini jina la mtu sijawahi kulipoteza. Hata hivyo hapa sitaandika la yeyote. Mjukuu ameniomba, na mwenye habari ni yeye.

Lazima niseme pia kwamba hakuna aliyemlisha mtoto vibaya kwa makusudi. Kwetu magharibi ya Kenya, mtoto mwenye mashavu ni sifa ya mama yake. Hata huku, tukikutana kwa ushirika wa maombi wa nyumbani Jumapili, akina mama walikuwa wakimwona na kufurahi. "Huyu ameshiba Amerika, ona mikono," mmoja angesema, na kumwongezea pilau na chapati, na soda ya pili kwa sababu ameitikia salamu vizuri. Ukikataa chakula cha mwenzako umemtukana. Basi mtoto alikuwa anamaliza sahani, na sisi tunatabasamu.

Pale kliniki tulipelekwa kwa mshauri wa lishe. Alikuwa mwanamke mwenye nywele nyeusi ndefu alizozisuka mkia mmoja, na ni wa wale wenyeji wa asili wa nchi hii, waliokuwepo kabla ya wengine wote. Alitwambia kwao ni mbali sana, huko kwenye jangwa, na duka la karibu ni safari ya gari. Vinavyofika huko ni vya makopo na soda. Watoto wao walinenepa mpaka wakaanza kuugua ugonjwa wa wazee, ndipo akina nyanya wakasema basi, wakarudisha maharagwe yao, mahindi yao na maboga yao, na watoto wakapanda pamoja nao. Kisha akanigeukia mimi.

"Anauliza, Mama," binti yangu akatafsiri, "kwenu watoto walikuwa wanakula nini?"

Nikaanza kutaja. Terere, managu, saga, mrenda, mitoo, kunde, majani ya maboga, zote mboga zetu, halafu dagaa wa omena, ugali wa wimbi.

"Mama, pole pole. Hiyo ya tatu inaitwaje kwa Kiingereza?"

"Nitajuaje? Mimi nimeila, sijaitafsiri."

Mshauri alicheka kabla hajatafsiriwa. Akasema, mpikieni, na kama mnaweza, apande mwenyewe.

Mambo hayakuanza vizuri. Nilinunua mrenda kwenye duka la Waafrika, nikaupika na magadi kidogo kama mama yangu alivyonifundisha, nikausongea ugali wa wimbi. Mjukuu aliinua kijiko, akautazama ukivutika mpaka sahanini.

"Kukhu," akaniambia, maana hivyo ndivyo tunavyoitwa sisi nyanya kwetu, "hii ni makamasi."

"Ni mboga."

"Ni makamasi ya mboga."

Mama yake alicheka mpaka akaweka uso mezani, na mimi nikaona nimeshindwa. Kesho yake nikapika managu. Akasema ni chungu. Keshokutwa binti yangu akaingia na kuku wa boksi. "Nisamehe, Mama. Nimeogesha wazee wa watu tangu asubuhi. Sina nguvu ya kupigana na mtoto juu ya majani."

Shamba tulilipata kwa mwanamke wa Kitanzania tunayesali naye. Anakaa Greenbelt, mji wa jirani, na huko ana kipande katika mashamba ya jumuiya. Mgongo ulimsumbua mwaka huo, akatuachia. Yeye terere anaiita mchicha, managu anaiita mnavu, na kila tulipokutana tulibishana ni nani kati yetu anayekula mboga isiyo na jina.

Kulima, mjukuu alipenda. Tulipanda basi, tukatembea kidogo, naye akachukua jembe kabla sijavua koti. Alipanda kunde kwa mstari mmoja ulionyooka. Mbegu za managu na terere tulizimwaga tu, zikaota kila mahali, nene na zenye afya. Alizimwagilia na kuondoa wadudu kwa vidole. Alizipenda kama mtu anavyopenda kuku wake. Kula, hapana.

"Unamlimia nani sasa?" nilimuuliza.

"Wewe, Kukhu."

Nikavuna na kula, nikahesabu angalau anatembea na kutoa jasho. Lakini majira ya joto yalikuwa yanakwenda, na siku ya kurudi kwa daktari ilikuwa inakaribia.

Tulikuwa na jirani shambani, mzee wa Kimarekani mwenye kofia ya nyasi, aliyestaafu, mwenye nyanya zilizofungwa kwenye vijiti kama wanafunzi kwenye paredi. Ilikuja mvua ya siku kadhaa tukakaa nyumbani. Tuliporudi, mzee alikuwa amesimama kando ya kipande chetu, mikono kiunoni, uso umejaa furaha ya mtu anayesubiri kushukuriwa.

Shamba letu lilikuwa safi. Kunde zilisimama kwenye mstari wao, na pembeni mwake hakukuwa na hata jani moja. Alikuwa ametung'olea magugu. Asubuhi ile ile, na magoti yake mabovu, kwa roho nzuri kabisa, alikuwa amepalilia terere yote na managu yote.

Nilikaa juu ya ndoo. Kiingereza changu ni cha salamu na cha basi, na hata ningekuwa nacho nisingejua pa kuanzia. Utamwambiaje mtu aliyekutendea wema kwamba amekumaliza?

Mjukuu ndiye aliyemwendea. Sikuelewa kila neno, lakini nilisikia majina. Terere. Managu. Aliyasema moja moja akimwonyesha udongo mtupu, na yule mzee akawa mwekundu kutoka shingoni. Akavua kofia, akatuonyesha alikozitupa. Rundo lilikuwa bado na unyevu wa mvua, majani hayajanyauka. Mjukuu akapiga magoti na kuanza kuchambua.

Mzee akauliza kitu. Hiki nilikielewa. Aliuliza kama kweli inaliwa.

"Tunakula kila siku," mjukuu akamjibu, bila hata kupepesa.

Mimi nikajitia kuangalia kunde.

Mzee alisema angependa kuonja. Basi tulikwenda wote kwa yule mwenzangu wa Kitanzania, hapo karibu. Nilichemsha managu, nikamwaga maji ya kwanza, nikachanganya na terere, kitunguu na maziwa, nikaacha moto mdogo ufanye kazi yake. Mwenye nyumba akasonga ugali.

"Leo unanipikia mchicha nyumbani kwangu," alisema, "na bado utauita terere?"

"Ukishiba uniambie ulikula nini."

Tukakaa mezani. Mzee aliushika uma wake akangoja. Hakutaka kuwa wa kwanza, na sote tukageuka kumtazama anayekula kila siku.

Mjukuu alinitazama. Sikumsaidia. Alikata tonge, akalibonyeza kwa kidole gumba kama nilivyokuwa nikifanya miaka yote mbele yake, akachota mboga, akatia mdomoni. Alitafuna pole pole, macho yakiangalia ukuta. Akameza. Akakata tonge lingine.

"Inataka chumvi," akasema.

Sijawahi kupokea sifa nzuri kuliko hiyo. Nikampa chumvi. Mzee naye akala, akasema kitu ambacho mjukuu alinitafsiria akitabasamu: "Anasema ni kama spinachi, lakini hii inaongea mdomoni."

Siku ile ilibadilisha kila kitu, kwa sababu ya ule uongo. Kila tulipofika shambani mzee alimuuliza juzi mlipika nini, mlipikaje, na mjukuu hakutaka kusema uongo tena. Ili awe na jibu, ilibidi ale. Jumatatu managu, Jumanne kunde na omena, Alhamisi hata mrenda, ingawa aliula macho yamefumbwa. Udongo wetu ulikuwa umejaa mbegu, na baada ya ile mvua terere iliota upya, nyingi kuliko mwanzo, na mzee akawa mlinzi wake. Nasikia alimfokea mwanamke mmoja aliyekuja na jembe.

Asubuhi nikaweka uji wa wimbi uliochachishwa badala ya zile nafaka tamu za rangi za boksi. Soda tuliiacha kwa ubishi, lakini tuliiacha. Kwenye ushirika, dada mmoja alipotaka kumwongezea sahani, mjukuu alishika tumbo na kusema kwa Kiswahili chake cha kuvunjika, "Asante Anti, niko sawa, mimi nilikula managu." Chumba kizima kilicheka, na wiki iliyofuata mtu alileta sufuria ya saga. Binti yangu alianza kupika Jumapili mboga za siku tatu, maana sisi tunajua zikilala na maziwa zinazidi utamu, na kuku wa boksi akasahaulika njiani.

Shule zilipofunguliwa tulirudi kliniki. Damu ilichukuliwa, tukangoja. Binti yangu alikuwa anakunja na kukunjua kamba ya mkoba. Mimi nilimfikiria marehemu.

Daktari aliingia na mshauri nyuma yake, na huyo mshauri alikuwa ameanza kucheka kabla ya mlango kufungwa, kwa hiyo nilijua. Sukari ilikuwa imeshuka, ikarudi pale inapotakiwa kuwa. Dawa hakuna. Endeleeni na mnachofanya, daktari akasema, na akataka kujua ni nini hasa tunachofanya.

Mjukuu alimweleza, akiwa amekaa kitandani akibembeza miguu. Mshauri akamuuliza mbegu zinapatikana wapi, akataka kuwapelekea watoto wa kwao waone.

Mimi nilitoka nje kwenye korido kwa sababu nilijijua. Nikapiga vigelegele, vile vya kwetu, vya kumpokea bibi harusi, na havikuwa vifupi. Milango ilifunguka. Askari wa zamu akaja mbio, mkono kwenye redio yake, akauliza kama kuna mtu ameumia.

Binti yangu aliyekuwa amenifuata akilia na kucheka hakuweza kumjibu. Mimi nilivuta pumzi, nikarudia tena.