Maneno ya Shangazi Niliyoyaruka

Redio yetu pale Singida mjini ilikuwa bado changa, miaka ile ambapo kila mwenye fedha alitaka kuwa na redio yake. Tulipopata tovuti, taarifa za habari zikawekwa humo kwa sauti tupu. Nilikuwa karani wa chumba cha habari. Dada yangu ni kiziwi tangu homa ya uti wa mgongo ilipompata akiwa darasa la saba, ila kwa kusoma ananishinda mbali. Basi kila habari nikaichapa neno kwa neno, nikaiweka chini ya sauti yake, ili naye aisome kwenye duka la intaneti.

"Tangu lini redio ikasomwa?" bosi wangu alicheka.

"Kwetu inasomwa, mzee," nikamjibu, nikaendelea kuchapa.

Kisha siku moja nikafanya kosa. Mwandishi wetu alirudi kutoka kijiji cha Ihanja na habari kwamba wanakijiji wamekubali kumpa mashamba yao mwekezaji wa alizeti. Aliyehojiwa alikuwa shangazi yetu. Alianza kwa Kiswahili cha adabu, akawakaribisha wageni, kisha akahamia Kinyaturu. Nami, niliyekula viboko shuleni kwa kuongea lugha ya nyumbani, niliandika kama tulivyozoea ofisini: "anaongea kilugha." Nikaruka.

Kesho yake dada alinifuata ofisini na karatasi aliyoitoa kwenye printa, kidole kimekita pale pale. "Shangazi kasema nini hapa? Anayesikia keshasikia. Mimi je?"

Niliona aibu, nikajichukia. Dada akinisubiri, nikasikiliza upya, nikaandika yote kwenye tovuti, Kinyaturu na tafsiri yake: "Chai mtakunywa, lakini shamba hili alilima mama yangu, na sitoki."

Bosi aliposoma alinijia mbio. "Futa! Habari yetu inasema wamekubali."

"Basi habari yetu ni ya uongo. Sauti yake hiyo hapo, isikilize."

"Futa, ama kesho usije."

Sikufuta. Nilichukua mkoba wangu, nikamvuta dada mpaka duka la intaneti kabla bosi hajapata wa kumfutia. Dada alisoma kimya mara moja. Mara ya pili akasoma kwa ile sauti yake isiyo na kipimo, mwenye duka akasimama, wateja wakageuka wote: "Shamba hili alilima mama yangu, na sitoki!"

Sikumwambia apunguze.