Gauni la Mkwe Ukutani kwa Shangazi

Jamani, leo nusura posa ivunjike kwa sababu ya pambo nililoshona mimi!

Mnajua nanunua nguo kuukuu mnadani, nazikata, naunga vipande vya hariri na vitenge kuwa mapambo ya ukutani. Shangazi huyaita matambara.

Lakini leo wageni walikuwa wanatoka Katesh kumposa binti yake. Asubuhi akaja kwangu hapa Dongobesh kuazima lile kubwa kuliko yote. Akalitundika sebuleni kwake.

Wageni wakaketi. Mama wa kijana akalitazama, akalisifu.

"Ni hariri ya Dubai," shangazi akajibu haraka. "Nimeagiza."

Mimi nilikuwa namimina chai. Ikafurika.

Yule mama akainuka, akasogea, akagusa ua moja jekundu.

"Ua hili nililidarizi kwa mkono wangu," akasema polepole. "Hili ni gauni langu la harusi. Lilinibana, nikaligawa."

Hata mshenga akaacha kutafuna sambusa.

Shangazi akanikodolea macho, kana kwamba Dubai nimeitaja mimi!

Halafu mama akacheka mpaka akaegemea ukuta. "Kumbe gauni langu limefika Dubai, mimi hata Dar sijafika! Nani kaliunga vizuri hivi?"

Shangazi akaninyooshea kidole bila kunitazama.

Posa imepokelewa, alhamdulillah. Mama mkwe ameondoka na pambo, ningemnyimaje? Shangazi hajanisemesha tangu wageni waondoke.

Sasa niambieni, wapendwa: kesho nikimwamkia shikamoo, ataitikia?